Kukaa, Kusafiri na Kuhama: Ukaazi wa Kodi Pindi Mwenzi wa Ndoa Aendapo Mbali kwa Muda

Mtu akifika Ruring'u, kitongoji cha mji wa Nyeri kijulikanacho zaidi kwa uwanja wake wa michezo, akamwulizia mwuguzi aliyekwenda kufanya kazi Uingereza, huenda mumewe akamjibu: "Mama watoto yuko Leicester, ila anakaa hapa." Msikilizaji wa kawaida haoni kasoro katika jibu hilo. Afisa wa kodi, kwa upande wake, husikia ndani yake madai mawili: kwamba mtu yuko mahali fulani, na kwamba makao yake yako kwingine. Kila dai hulipima kwa kipimo chake, na matokeo ya upimaji huo yanaweza kuiongezea au kuipunguzia familia mzigo wa maelfu mengi ya shilingi kwa mwaka.

Makala haya yanafafanua jinsi ukaazi wa kodi unavyoamuliwa pale ambapo mmoja wa wanandoa ameondoka kwa muda na mwenzake amebaki. Mume na mke wa Ruring'u watakaotajwa ni wa kubuni, lakini hali yao si ya kubuni. Mnamo Julai 2021 serikali za Kenya na Uingereza zilitia saini makubaliano ya kuwawezesha wauguzi na wahudumu wengine wa afya wa Kenya kufanya kazi Uingereza, na hata kabla ya hapo miji iliyouzunguka Mlima Kenya, kuanzia Karatina na Othaya hadi Nanyuki na Embu, ilikuwa na nyumba nyingi ambamo baba au mama yuko ng'ambo. Mwanafunzi wa Kiswahili ana sababu ya ziada ya kulitazama suala hili. Uamuzi wote unategemea maana ya maneno machache ya kila siku, na maneno hayo yakitafsiriwa vibaya, mlipakodi ndiye atakayelipia kosa la mfasiri.

Kaunti na jimbo

Kwanza kuna dhana moja ya kuondolewa njiani. Tangu serikali za kaunti zilipoanza kazi 2013, wapo wanaodhani kwamba kuhama kutoka Nyeri kwenda Mombasa hubadilisha kodi ya mapato ya mtu. Sivyo. Kwa mujibu wa Kifungu cha 209 cha Katiba ya 2010, kodi ya mapato hutozwa na serikali ya kitaifa pekee. Kaunti zina kodi ya mali na kodi ya burudani, pamoja na ada za huduma zao. Mwalimu aliyepelekwa Kwale na Tume ya Huduma za Walimu katika uhamisho mkubwa ulioanza kutekelezwa 2018, na ambaye mumewe alibaki akifundisha Mukurwe-ini, alikuwa na malalamiko ya haki kuhusu ndoa yake na nauli yake, lakini hesabu ya kodi yake haikubadilika hata kidogo.

Katika nchi zenye majimbo yanayojitoza kodi mambo huwa tofauti. Wakenya ni wengi katika jimbo la Massachusetts, hasa mji wa Lowell, na baadhi yao ni wauguzi wanaopokea kandarasi za miezi kadhaa katika majimbo mengine. Tuseme mke ameondoka Lowell akaenda Texas kwa kandarasi ya miezi minane, mume na watoto wakabaki. Texas haitozi kodi ya mapato ya mtu binafsi. Wengi hudhani basi kwamba mshahara wa miezi hiyo minane umesalimika. Hata hivyo, Massachusetts humwangalia mtu kwa maskani yake ya kisheria, nayo maskani hayo hayamwachi mtu kwa sababu tu amefunga mkoba. Ili yabadilike, sharti mtu ayaache ya kwanza, afike katika ya pili, na akusudie kubaki huko. Mwenye leseni ya udereva ya Massachusetts, aliyejiandikisha kupiga kura Massachusetts, ambaye watoto wake wanasoma Massachusetts na ambaye kandarasi yake ina tarehe ya mwisho, hana budi kukubali kwamba yuko safarini. Mshahara wake wa Texas hutozwa kodi ya Massachusetts, ambayo kiwango chake cha kawaida kimekuwa asilimia 5 tangu 2020.

Majimbo kama Massachusetts na New York huongeza kipimo cha pili: mtu ambaye maskani yake ni kwingine, lakini ana makao ya kudumu ndani ya jimbo na amekaa humo zaidi ya siku 183 kwa mwaka, huhesabiwa kuwa mkaazi vilevile. Wenzi wa wanajeshi peke yao ndio waliopewa nafuu ya pekee. Sheria ya shirikisho ya 2009 iliwaruhusu kubaki wakaazi wa jimbo lao la kodi hata wanapomfuata mwanajeshi kituoni katika jimbo jingine.

Uingereza nayo ina kipimo cha aina hii ndani yake. Mwuguzi wa Nyeri akipata kazi Glasgow badala ya Leicester, mshahara wake hutozwa kwa viwango vya Uskoti, kwa kuwa makazi yake makuu ndani ya Uingereza yako Uskoti.

Kodi, ushuru na pango

Kabla ya kuifikia sheria ya Kenya, yafaa kutaja mtego ambao Kiswahili chenyewe humwekea msomaji. Nchini Kenya malipo kwa serikali aghalabu huitwa ushuru, kama inavyoshuhudiwa na kaulimbiu mashuhuri ya Mamlaka ya Ushuru, "Tulipe Ushuru, Tujitegemee", ilhali kodi ni fedha anayolipwa mwenye nyumba. Tanzania hali imegeuka: kodi ni ya serikali, na ushuru ni hasa wa forodha na wa sokoni. Katika makala haya kodi ni ya serikali, na fedha za mpangaji zinaitwa pango.

Mkanganyiko huu una historia. Mwanzoni mwa karne ya 20 serikali ya kikoloni ilileta kodi ya kibanda, na ilipofika 1910 ikaongeza kodi ya kichwa kwa wanaume wasio na kibanda. Kodi ya kwanza ilihesabu nyumba. Mwanamume wa Nyeri aliyekwenda kufanya kazi katika mashamba ya walowezi ya Laikipia au Naivasha hakusamehewa kwa kuwa hayupo. Kibanda chake kilikuwapo, na mkewe alikuwamo. Mwenye wake watatu alidaiwa kwa nyumba tatu. Kwa Wagĩkũyũ, nyũmba hasa ni nyumba ya mwanamke, tofauti na thingira ya mwanamume, kwa hiyo kodi ile iliangukia mahali pa mke na kumdai mume. Ni jambo la kushangaza kidogo kwamba sheria ya leo, iliyoandikwa kwa ajili ya watu wenye pasipoti na akaunti za benki, bado huanza kwa kuuliza nyumba iko wapi.

Makao ya kudumu

Sheria ya Kodi ya Mapato, Sura ya 470, ilitungwa 1973 na ikaanza kutumika Januari 1974, Kenya ilipoacha kutegemea sheria ya pamoja ya Afrika Mashariki. Inampa mtu binafsi njia tatu za kuwa mkaazi katika mwaka wa mapato, ambao Kenya huanza Januari na kwisha Desemba. Ya kwanza ni kuwa na makao ya kudumu Kenya na kuwapo nchini kwa kipindi chochote cha mwaka huo. Asiye na makao ya kudumu huingia kwa njia ya pili, yaani kuwapo nchini kwa siku 183 au zaidi katika mwaka. Au kwa ya tatu, kuwapo katika mwaka huo na katika kila mmoja wa miaka miwili iliyoutangulia kwa wastani wa zaidi ya siku 122 kwa mwaka. Tarakimu 183 na 122 zimo pia katika sheria ya Uganda ya 1997 na ya Tanzania ya 2004. Tanzania imemwongeza mtumishi wa serikali aliyetumwa kufanya kazi nje ya nchi, ambaye hubaki mkaazi.

Njia ya kwanza ndiyo inayowagusa wengi wa Ruring'u, na ndiyo yenye ugumu wa lugha. Sheria imeandikwa kwa Kiingereza, na mfasiri mwenye haraka atasema "nyumba ya kudumu". Nchini Kenya maneno hayo yana maana nyingine kabisa. Nyumba ya kudumu ni nyumba ya mawe, kinyume cha nyumba ya mbao au ya udongo. Anayeishi katika nyumba ya mbao kwenye shamba la baba mkwe angeweza kudhani, kwa tafsiri hiyo, kwamba sheria haimgusi. Kinachoulizwa hapa ni makao, mahali ambapo mtu hukaa na ambapo hurejea, hata kuta zikiwa za mabati. Msemaji wa Kigĩkũyũ hapati shida hapa, kwa kuwa mũciĩ kwake si nyũmba. Kiswahili nacho hutofautisha nyumba na nyumbani kwa kiambishi kimoja tu cha mahali, -ni. Tatizo ni kwamba "nyumbani" haliwezi kubeba sifa kwa urahisi. Ndiyo maana makao, au maskani, ni afadhali.

Kitenzi nacho kina uzito. Sheria inasema mtu awe na makao hayo, haisemi ayamiliki. Hapa Kiswahili kina bahati, kwa maana "kuwa na" ni kuwa pamoja na kitu tu. Kwa mke wa Ruring'u jambo hili si dogo. Mara nyingi hati ya ardhi huwa na jina la mumewe, au la baba wa mumewe aliyefariki na ambaye urithi wake haujagawanywa. Mfasiri akiandika "anayemiliki makao ya kudumu", atakuwa amemwondoa mke katika ukaazi kwa kosa la kalamu. Makao ni yake kwa sababu anaweza kuyarudia wakati wowote, vyombo vyake vimo, na hakuna anayemwona mgeni.

Sheria haikueleza zaidi makao ya kudumu ni nini. Kwa hiyo maafisa na mahakama huangalia mambo ya hakika: je, nyumba iliachwa wazi kwa ajili yake, au imepangishwa kwa mtu mwingine? Je, mume na watoto wangali humo? Ndoa yenyewe haitajwi popote katika njia hizi tatu. Mume kuwa mkaazi hakumfanyi mke awe mkaazi, wala mke kuondoka hakumwondoi mume. Kila mmoja hupimwa peke yake. Ndoa huingia kwa mlango wa nyuma tu, kama ushahidi kwamba makao bado ni makao.

Hesabu ya siku

Tuchukue basi kwamba mke aliondoka Kenya tarehe 16 Machi 2023 kwa kandarasi ya miaka mitatu. Mume na watoto walibaki Ruring'u. Mwaka huo alikuwa nchini kwa siku 75, na kwa kuwa ana makao, ni mkaazi wa 2023. Hakuna haja ya kuhesabu zaidi. Mwaka wa 2024 alirudi tarehe 10 Desemba kwa ajili ya Krismasi, akawapo siku 22 kabla ya mwaka kwisha. Ni mkaazi tena. Aliondoka tarehe 2 Januari 2025 na hakurejea mwaka huo wote.

Je, 2025 ni mkaazi? Ndiyo. Alikuwa nchini siku mbili, na sheria imesema kipindi chochote bila kuweka kiwango cha chini. Lau angalipanda ndege tarehe 30 Desemba, asingalikuwa mkaazi wa 2025 hata kidogo, ingawa nyumba ile ile ingalisimama pale pale na mume yule yule angalikuwamo. Makao bila kuwapo hayatoshi. Tiketi ya ndege, ambayo familia huichagua kwa kutazama bei na tarehe ya kurejea kazini, huamua pia hali ya kodi ya miezi kumi na miwili.

Hali ingekuwaje kama wangekuwa wapangaji, mume akairudisha nyumba kwa mwenyewe Machi 2023 na kwenda kuishi na nduguye, ikawa hawana tena makao yao? Watu wengi hujibu kwamba mke si mkaazi tangu siku ile, kwa kuwa hakufikisha siku 183. Wanaisahau njia ya tatu. Mwaka wa 2022 alikuwa nchini siku zote 365, na wa 2021 vivyo hivyo. Kwa mwaka wa 2023, jumla ya 365, 365 na 75 ni 805, wastani wake 268. Ni mkaazi. Kwa 2024, 365 na 75 na 22 ni 462, wastani 154. Bado ni mkaazi, kwa siku 22 tu za likizo, kwa sababu kivuli cha 2022 kingali kinamfuata. Mwaka wa 2025 ndipo kivuli kinapokatika: 75, 22 na 2 ni 99, wastani siku 33. Hapo si mkaazi.

Watumiaji wa Kiswahili wameyabeba haya katika vitenzi kwa muda mrefu. Kusafiri ni kuondoka mahali ambapo mtu bado ni wa pale. Kuhama ni kuuvunja uhusiano na mahali, na kuhamia ni kuuanza mwingine. Mnyambuliko mmoja wa kitenzi unatenganisha hatua ambazo sheria ya Massachusetts inazidai zote mbili. Viambishi vya wakati navyo vinasaidia. "Anakaa Leicester" yaweza kuwa kwa mwezi huu tu. "Hukaa Ruring'u" ni desturi. Mume aliyesema mkewe yuko Leicester ila anakaa Ruring'u alichagua umbo lenye utata. Angalisema "hukaa", angaliwakaribia zaidi waandishi wa sheria.

Kukaa na mume

Kuna sehemu nyingine ya sheria ya 1973 ambayo ilihitaji neno "kukaa", na ilifika mahali pa ajabu zaidi. Kifungu chake cha 45 kiliandikwa ili mapato ya mwanamke aliyeolewa na anayekaa na mumewe yahesabiwe kuwa mapato ya mume. Baadaye kilipunguzwa makali kipande kwa kipande: mshahara wa mke ukatengwa, kisha mapato ya taaluma yake na ya kazi ya kujiajiri. Lakini swali la nani "anakaa na mumewe" lilijibiwa ndani ya kifungu chenyewe. Mke alihesabiwa kuwa anakaa naye isipokuwa wametengana kwa amri ya mahakama au mkataba wa maandishi. Au wametengana katika hali inayoonyesha kwamba utengano utakuwa wa kudumu. Au mke ni mkaazi wa Kenya ilhali mume si mkaazi.

Tazama matokeo yake. Mke aliye Leicester kwa miaka mitatu, anayempigia mumewe simu kila jioni na kurejea Krismasi, kwa maneno ya kifungu hicho alikuwa akikaa na mumewe. Kilomita elfu saba hazikuhesabika kuwa kutokaa pamoja, maadamu utengano haukuwa wa kudumu. Na mke aliyeachwa Ruring'u na mume aliyekwenda Uarabuni mpaka akapoteza ukaazi alihesabiwa kuwa hakai na mumewe, hata kama ndoa yao ilikuwa imara kuliko za majirani. Kinyume chake hakikuandikwa: mume mkaazi mwenye mke asiye mkaazi hakutajwa. Mwandishi wa sheria ya 1973 aliweza kumwona mume akienda ng'ambo na mke akibaki. Mke anayekwenda na mume anayebaki kupika uji hakumjia akilini.

Kifungu hicho hakiwezi kusomwa leo bila kuwekwa kando ya kifungu kingine, ambacho kwa sadfa nacho ni cha 45. Katiba ya 2010 inasema katika Kifungu cha 45(3) kwamba wanandoa wana haki sawa wakati wa kufunga ndoa, wakati wa ndoa na wakati wa kuivunja. Mawazo ya 1973 hayakuwa ya Kenya peke yake. Katika sheria ya Uingereza mke aliyatwaa maskani ya kisheria ya mumewe kwa nguvu ya ndoa tu, hata kama hakuwahi kukanyaga huko, hadi kanuni hiyo ilipoondolewa tarehe 1 Januari 1974. Siku hiyo hiyo Kenya ilianza kuitumia sheria ambayo kifungu chake cha 45 kilimtia mke katika hesabu ya mume.

Pango la vyumba kumi

Thamani ya yote haya huonekana katika pango. Tuseme mke ana vyumba kumi vya kupangisha Ruring'u, vya jina lake, kila kimoja kikilipiwa shilingi 6,000 kwa mwezi. Kwa mwaka ni shilingi 720,000. Mkaazi anayepata pango la makazi linalozidi shilingi 288,000 lakini lisilopita milioni 15 kwa mwaka hulipa kodi maalumu ya pango, ambayo tangu Januari 2024 ni asilimia 7.5 ya pango lote. Kwake ni shilingi 54,000. Asiye mkaazi hana njia hiyo. Pango lake hukatwa asilimia 30 bila kupunguziwa gharama yoyote, na anayemlipa ndiye anayetakiwa kukata. Hiyo ni shilingi 216,000. Tofauti ni shilingi 162,000, na katika mfano wetu wa 2025 inategemea siku mbili za Januari.

Kama vyumba ni vyao wawili kwa nusu kwa nusu, kila mmoja hubeba sehemu yake na hali yake. Katika mwaka ambao mke si mkaazi, mume hulipa asilimia 7.5 ya shilingi 360,000, yaani 27,000, na mke asilimia 30 ya kiasi hicho hicho, yaani 108,000. Wapangaji ni wale wale, paa ni moja.

Msomaji asiharakishe kuhitimisha kwamba kubaki mkaazi ni faida tupu. Mkaazi wa Kenya hudaiwa kodi ya mshahara wa kazi aliyoifanya ndani au nje ya Kenya, na mshahara wa Leicester umo. Uingereza nayo itamhesabu mkaazi wake akifikisha siku 183 katika mwaka wao wa kodi, unaoanza tarehe 6 Aprili. Kuwa na mume na watoto Nyeri hakumwondoi huko. Anakuwa mkaazi wa nchi mbili kwa wakati mmoja. Kodi aliyokwisha kulipa Uingereza hupunguzwa katika ile ya Kenya, lakini viwango havilingani. Mshahara wa kawaida wa mwuguzi Uingereza kwa sehemu kubwa hutozwa asilimia 20 baada ya pauni 12,570 za kwanza zisizotozwa. Kenya hufika asilimia 30 kwa kila shilingi inayozidi 32,333 kwa mwezi. Pengo linalobaki ni deni, na wengi hawalijui mpaka watakapotakiwa kuwasilisha taarifa ya mapato yao, ambayo mwisho wake ni tarehe 30 Juni ya mwaka unaofuata.

Kwa ajili ya watu wa namna hii Kenya na Uingereza zilitia saini mkataba wa kuepusha kutozwa kodi mara mbili 1973. Mikataba ya aina hiyo humtafutia mkaazi wa nchi mbili nchi moja kwa maswali yanayoulizwa kwa mpangilio. Makao yake ya kudumu yako wapi? Chumba cha kukodi Leicester kinaweza kutosha ikiwa kipo kwa ajili yake wakati wote, kwa hiyo mara nyingi jibu huwa kwamba yako pande zote mbili. Basi kitovu cha maisha yake kiko wapi, kwa maana ya jamaa na uchumi? Hapa mume na watoto huvuta upande wa Nyeri, kazi na mshahara huvuta upande wa Leicester, na afisa mmoja anaweza kutofautiana na mwenzake bila yeyote kukosea. Swali likishindwa kujibika, huulizwa ni wapi mtu hukaa kwa desturi, na hapo "hukaa" hurudi na uzito wake wote: hesabu ya miaka mitatu itaonyesha Leicester. Baada ya hapo ni uraia, na hata huo usipoamua, mamlaka za nchi mbili hukaa pamoja na kukubaliana.

Aliyekwenda Lowell hana ngazi hii. Kenya na Marekani hazina mkataba kama huo, kwa hiyo aliye mkaazi wa nchi hizo mbili hubaki mkaazi wa zote mbili, akitegemea kile ambacho sheria ya kila nchi inakubali kupunguza. Na kodi ya jimbo la Massachusetts huja juu ya ile ya serikali ya shirikisho.